Je, wajua kwa nini ukibadilisha alteneta ya Hiace ya dizeli breki zinaweza kuwa ngumu?

Alteneta si ya kuchaji betri tu jamani? Kwa gari ya petroli, ndio. Lakini hizi Hiace za zamani za dizeli, zenye injini kama 2L, 3L na 5L, ambazo bado zinabeba watu na magunia ya soko la Kongowea hapa Mombasa, ukichungulia nyuma ya alteneta utaona kijichuma cha mviringo kimefungwa na mipira imechomekwa, mmoja unaelekea kwenye busta ya breki. Hiyo ni pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, inazungushwa na shafti ileile ya alteneta.

Busta ndiyo inayosaidia mguu wako, na haiwezi kazi bila vakyumu. Injini ya petroli inabanwa hewa ukiachilia pedali ya mafuta, kwa hivyo inavuta kwa shida na vakyumu inapatikana bure. Dizeli ya zamani inavuta hewa inavyotaka, nguvu inaongezwa na dizeli inayopigwa ndani, vakyumu ya kutosha hakuna, ikabidi itafutiwe pampu yake, na alteneta si inazunguka injini ikiwaka, basi ikabandikwa hapo.

Sasa mtu anaenda kwa wauza spea za eks-Japani, anapata alteneta bei poa, bolti zinaingia, puli ni sawa, ila haina pampu. Taa ya betri inazimika, mita inasoma kama volti 14, kila mtu ameridhika. Breki mara ya kwanza na ya pili ni laini kwa sababu busta ina akiba kidogo, halafu pedali inakataa kushuka. Gari bado itashika, lakini kwa nguvu za mguu wako pekee, na hapo umejaza abiria unateremkia feri ya Likoni, haya.

Kuna na mambo ya oili. Pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini, paipu nyembamba inaileta, mpira wa chini unairudisha. Mpira ukizeeka unakakamaa, unapasuka, oili inamwagikia alteneta, kaboni zake za kupitisha umeme zinalowa, chaji inapotea. Unanunua nyingine nayo inakufa vilevile, fundi analaumiwa bure! Mimi naona mipira ibadilishwe siku hiyohiyo, na pampu itiwe oili kidogo kabla ya kuwasha isianze kavu.

Negativu ya betri itolewe kwanza, maana ule waya mnene wa nyuma una moto wa umeme hata ufunguo uko mfukoni, spana ikigusa bodi ni cheche tupu. Na kwa hii chumvi yetu ya baharini, kichwa cha waya kisuguliwe mpaka king'ae.

Kujua kama pampu inavuta: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ikanyagie hapohapo, kisha washa. Ikizama kidogo chini ya mguu, sawa. Ikikaa vilevile, gari isitoke gereji.