Kusoma utendi wa vita kwa ulimi wa Bukavu

Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, husimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Kaisari Herekali; ulitungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, mwaka 1728. Wasomaji wa Kadutu na Ibanda, mitaa ya Bukavu, wakikwama beti za mwanzo hudhani Kiswahili chao hakitoshi. Kinatosha kabisa. Kinachowaangusha ni mizani, yaani hesabu ya silabi, na lahaja.

Ubeti una vipande 4, kila kipande mizani 8. Vipande 3 vya kwanza vina kina kimoja, yaani vinaishia kwa silabi moja. Cha 4 hubeba kina cha bahari, kinachorudi kila ubeti hadi tamati. Nimetunga huu wa mfano:

Jeshi likaja kwa kasi
mbele wapanda farasi
vumbi jekundu, jeusi
jua likafifiliya

Hesabu kwa vidole: je-shi-li-ka-ja-kwa-ka-si. "Mbele" ni mizani 2, maana mb hutamkwa kwa pamoja. "Jua" nalo ni 2. Ukilimeza liwe silabi moja, zinabaki 7 na sauti inapwaya. M ya "mtu" hujitegemea, na hapo ulimi wetu una faida kubwa: anayesema "mutu mubaya" anapata 5 zilezile za "mtu mbaya". Ila "njia mbaya" ni 4 tu, mb haitengani.

Tazama "likafifiliya". "Likafifia" ingetosha kwa maana, lakini malenga hunyambua kitenzi ili apate -ya na kutimiza mizani. Usiulize kila mara kitendo kimefanyiwa nani.

Lahaja ni ya pwani ya kaskazini, kwao Mwengo: nti ni nchi, ndia ni njia, yua ni jua, mato ni macho. Tafsiri moyoni, mdomoni acha ilivyo. Tuseme mato yamefungwa kina na moto. Ukisoma macho, kina kimekufa. Kosa hili naliona kuliko yote, na hufanywa na waliosoma sana.

Kuhusu historia, tuwe wakweli. Mwaka 630 jeshi la Mtume lilifika Tabuk, ndiyo Tambuka ya utendi, likarudi bila kupigana na Warumi. Pigano lilikuwa Mu'ta, 629, walikouawa makamanda wa Waislamu Zaid, Jaafar na Abdallah bin Rawaha. Tena sira, yaani habari za maisha ya Mtume, husema safari ya Tabuk Ali, binamu wa Mtume, aliachwa Madina, ilhali katika utendi yeye ndiye simba wa vita. Kwa hiyo mweleze msikilizaji jambo hili kabla ya kuanza. Ukishaanza kughani usikate ubeti kusahihisha. Mwache Ali apigane.