Uwiano wa gia, na kwa nini katapila la vitofali hukwama likikata kona

Uwiano wa gia ni hesabu ya meno: gia inayosukumwa ina meno mangapi ukilinganisha na inayoisukuma. Gia ya kwenye mota ikiwa na meno 8 na mwenzake 24, ile ndogo itazunguka mara 3 ndipo kubwa imalize mzunguko mmoja. Huo ni uwiano wa 3 kwa 1. Mwendo umeshuka hadi theluthi, na nguvu ya kuzungusha imepanda karibu mara 3. Nasema karibu kwa sababu msuguano nao una sehemu yake kila jino linapokutana na jino.

Kwenye gari dogo la magurudumu, uwiano mbovu unaweza kuvumilika. Katapila la vitofali, yaani tingatinga la kuchezea la Lego linalotembea kwa minyororo miwili badala ya magurudumu, halina huruma hiyo, maana halina usukani. Linageuka kwa mnyororo mmoja kwenda kasi kuliko wa pili, au mmoja mbele na mwingine nyuma, na wakati huo minyororo yote miwili inaburuzwa kiubavu sakafuni. Hapo ndipo mzigo ulipo. Chombo kinachokwenda moja kwa moja bila shida kinaweza kukwama papo hapo kwenye kona: mota zinavuma, hakuna kinachosogea, na mota iliyozuiwa kuzunguka huvuta umeme mwingi na kupata joto. Likiwa refu na jembamba, ndiyo balaa zaidi. Hata vipande vya mpira unavyochomeka kwenye mnyororo ili usiteleze huongeza ugumu wa kugeuka. Kwa hiyo piga hesabu ya uwiano kwa ajili ya kona, tena juu ya zulia.

Hatua moja ikiwa haitoshi, unaongeza ya pili, na hapo uwiano huzidishwa, haujumlishwi. Meno 8 kwa 24, kisha kwenye shafti (ufito unaobeba gia) ya ile ya 24 unaweka nyingine ya 8 inayosukuma ya 40: 3 mara 5, unapata 15 kwa 1. Lakini ukizipanga gia tatu kwa mstari, 8, 16 na 24, kila moja na shafti yake, ile ya katikati haibadilishi uwiano hata kidogo. Bado ni 3 kwa 1. Kilichobadilika ni upande wa kuzunguka tu.

Sasa, punguzo hilo la mwendo uliweke wapi? Wengi hulibana karibu na mota kwa kuwa ndipo penye nafasi, kisha wanapeleka shafti ndefu hadi kwenye sproketi, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Kwa plastiki huo ni mpangilio mbaya. Shafti inabeba nguvu iliyokwisha kuongezwa mara 15, nayo hujinyonga. Ile mistari yake ya umbo la msalaba utaiona imejipinda kama kamba. Ikijiachia, gia zinaruka meno: kra, kra, kra. Afadhali shafti ndefu izunguke kasi ikiwa na nguvu ndogo, na punguzo kubwa likae mwishoni, jirani na sproketi.

Kuruka meno kuna chanzo kingine, nacho ni umbali usio sahihi kati ya shafti. Katika gia za kawaida za Lego, idadi ya meno ni sawa na kipenyo cha kazi (cha duara ambapo meno hukutana) kwa milimita, na matundu ya boriti, kile kipande kirefu kinachoshikilia shafti, yamepishana milimita 8. Gia ya 8 na ya 24 zinahitaji milimita 16 kati ya shafti zao, yaani matundu 2 kamili; ya 8 na ya 40 zinataka matundu 3. Ya 16 na ya 24 zinataka milimita 20, yaani matundu mawili na nusu, na boriti moja ya kawaida haina nusu tundu.

Gia ya parafujo, ile yenye umbo la skrubu, inashawishi: ikisukuma gia ya meno 24 inakupa 24 kwa 1 kwa hatua moja, na chombo hakirudi nyuma mlimani. Ila msuguano wake ni mkubwa. Mimi ningeiacha ifanye kazi ya kuinua bledi, lile bamba la mbele la kusukumia udongo.

Sproketi nayo imo kwenye hesabu. Ukibadilisha ya kipenyo kidogo kwa yenye kipenyo mara mbili, kila mzunguko unavuta mnyororo mara mbili zaidi, na nguvu ya kuvuta inabaki nusu.