Sonona baada ya kujifungua: maana yake, na namna ya kumtambua mzazi aliye nayo

Ukienda kumtazama mzazi, salamu huwa mbili kwa pamoja: "Pole na hongera." Pole kwa uchungu, hongera kwa mtoto. Lakini pole huishia mlangoni. Tukishakaa, mazungumzo yote yanahamia kwa mtoto: kafanana na nani, ananyonya, kitovu kimeshaanguka? Mama aliyeketi kitandani akijilazimisha kutabasamu hana anayemuuliza neno, na hapo ndipo ugonjwa huu unapopata pa kujificha.

Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa wa akili unaompata mwanamke aliyezaa, ambapo huzuni, kukata tamaa au ganzi ya moyo hudumu wiki mbili au zaidi na kumzuia kuishi kama alivyozoea. Kenya wengi huuita unyogovu. Neno sonona ni ndugu wa kusononeka, yaani kuumia ndani kwa ndani, nami naliona linafaa kuliko "msongo wa mawazo", ambao siku hizi tumeubebesha kila kitu kuanzia madeni hadi foleni. Msongo mara nyingi hupungua sababu yake ikiondoka. Sonona huweza kubaki hata kama mume yupo, mtoto ana afya na nyumba imejaa ndugu. Ndiyo maana watu humkasirikia mgonjwa: "Analia nini huyu, kakosa nini?"

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Lile benchi la kliniki lenye akina mama kumi, basi, huenda wawili wao wanaumwa na hakuna anayejua.

Si kila chozi ni sonona, lakini. Mimba hupandisha sana homoni za estrojeni na projesteroni, na kondo likishatoka homoni hizo hushuka kwa kasi ndani ya siku chache. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wazazi wengi hulia bila sababu, hununa, hucheka, kisha hulia tena. Hali hiyo ni ya kawaida na huisha yenyewe kabla ya wiki mbili kutimia, mradi mzazi anapumzika na kula. Wiki mbili zikipita naye bado yuko vilevile, au anazidi, hapo pana ugonjwa. Tena sonona haina haraka: huweza kuanza tangu mimba, au kujitokeza miezi kadhaa baada ya kuzaa, wakati kila mtu ameshasahau kwamba yule ni mzazi.

Kushuka kwa homoni peke yake hakutoshi kueleza kwa nini huyu anaumwa na yule haumwi. Aliyewahi kuugua sonona zamani yuko hatarini zaidi. Vivyo hivyo anayepigwa au kutukanwa nyumbani, binti aliyepata mimba akakataliwa, aliyefiwa na mtoto, aliyejifungua njiti, na mama ambaye hana hakika ya kula kesho.

Mgonjwa mwenyewe hatakuambia "nina sonona". Atasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, "nawaza sana". Usingizi ndio kipimo ninachokiamini kuliko vyote nyumbani: kila mwenye mtoto mchanga hukosa usingizi, lakini huyu mtoto akilala yeye bado yuko macho, akitazama paa. Chakula hakimpandi. Aliyekuwa mcheshi anajifungia ndani, na aliyekuwa msafi anakaa na kanga ileile siku tatu. Wengine hawaonyeshi huzuni kabisa. Wana hasira, au wasiwasi usiokwisha, wanamwamsha mtoto kila mara kuangalia kama anapumua. Wapo wanaomnyonyesha na kumwogesha mtoto vizuri tu, lakini hawahisi chochote kwake, na aibu ya kutohisi inawala kimyakimya. Huyo akikwambia "mimi si mama mzuri", usiyapuuze maneno yake.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mama mwenye sonona anaweza kushindwa kunyonyesha ipasavyo au kukosa mikono ya kumhudumia mtoto, na mtoto akaanza kupungua uzito. Mtaani jibu liko tayari: "Kambemenda mtoto," yaani kamdhoofisha kwa kukutana na mwanaume huku bado ananyonyesha. Mgonjwa aliyekuwa akijilaumu usiku kucha sasa analaumiwa na mtaa mzima kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa imani isiyo na ushahidi wa kitabibu. Ataacha hata kumpeleka mtoto mizani, kwa kuogopa macho ya watu. Ukiona kadi ya mtoto mstari umeanza kushuka, mtazame na mama.

Desturi zetu zilikuwa na dawa fulani kwa hili. Siku arobaini, mzazi hapiki, hachoti maji, anakandwa kwa maji ya moto, analetewa mtori au uji wa pilipili manga, na usiku yupo bibi au shangazi wa kumpokea mtoto. Hayo yote ni usingizi, chakula na macho ya watu wazima yaliyo karibu. Mjini leo wengi wanapata siku nne za arobaini hizo. Binti kapanga chumba, mama yake yuko mkoani, mume ana zamu. Na hata anayezipata zote, siku zikishatimia ndugu hufunga mizigo siku moja na nyumba ikabaki kimya ghafla.

Wiki ya sita, siku mbili tu baada ya arobaini, mtoto anatakiwa kliniki kwa chanjo, na mama naye anatakiwa kuchunguzwa siku ya 42. Sijui siku iliyo bora kuliko hiyo ya kumuuliza hali yake. Lipo dodoso la maswali kumi lililotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, linalouliza juu ya siku saba zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu bure, umeogopa bila sababu, umefikiria kujidhuru? Mhudumu wa afya wa jamii aliyefundishwa anaweza kulitumia. Jirani hahitaji dodoso. Anahitaji kukaa, kumpakata mtoto, kusubiri wageni watoke, kisha aseme: "Mwanangu, mtoto nimemwona, Alhamdulillah. Wewe je? Akilala, na wewe usingizi unakuja?" Halafu anyamaze.

Akifunguka, usimwambie ajikaze. Usimkumbushe wanaotafuta watoto na hawapati. Anawakumbuka sana, ndiyo sababu moja ya kulia kwake. Chukua beseni la nguo ufue. Kaa na mtoto kwa muda wa saa tatu ili mama alale. Mwombe mama mkwe na mawifi wapunguze maneno, na mume aelezwe kwamba mkewe anaumwa, si mvivu wala hajabadilika tabia. Sheikh au mchungaji akiomba dua, vizuri, lakini dua iende pamoja na safari ya zahanati, na yeyote anayetaka kumfungia ndani, kumnyima chakula au kumchapa ili "kitu" kimtoke azuiwe.

Uwezo wa watu wa kawaida katika hili umeshapimwa. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, wanawake wa kijijini wanaotoa huduma za afya nyumba kwa nyumba walifundishwa namna ya kuzungumza na wazazi wenye sonona, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: mtoto alipofikisha miezi sita, 23 katika kila 100 ya akina mama waliotembelewa hivyo bado walikuwa na sonona, wakati kwa wale waliotembelewa kwa utaratibu wa kawaida walikuwa 53. Shirika la Afya Duniani baadaye liliufanya mpango huo kuwa mwongozo wa nchi nyingine.

Hata hivyo pana mahali jirani anafika mwisho wa uwezo wake. Mwulize wazi kama amewahi kuwaza kufa au kumdhuru mtoto. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humpa nafasi ya kulitoa. Akikubali, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Na ipo hali nyingine, adimu lakini kali, inayompata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza: halali kabisa na hachoki, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au kabadilishwa. Watu husema majini. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, sawa na kutokwa damu nyingi.

Wengi huogopa hospitali kwa kudhani safari ni moja kwa moja hadi Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Sivyo. Walio wengi hutibiwa wakiwa nyumbani, kwa mazungumzo ya ushauri, na kwa dawa pale zinapohitajika, zikiwemo ambazo mama anaweza kuzitumia huku akinyonyesha. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri, kwa hiyo anayemuuguza amsaidie asiziache njiani. Na akishika mimba nyingine, aeleze kliniki tangu hudhurio la kwanza, kwa sababu sonona hupenda kurudi, na safari hii watu wake wanaweza kujipanga kabla mtoto hajazaliwa.