Asali Ile Ile, Chafya Zile Zile

Mwanzoni mwa wiki, jioni, mama mmoja aliniwekea juu ya kaunta chupa iliyowahi kuwa ya konyagi, sasa imejaa asali nyeusi ya Manyoni, Singida, mdomoni imezibwa kwa gunzi la mahindi. "Dokta," (mimi ni mfamasia, ila nimeshachoka kusahihisha) "hii nilambe kutwa mara ngapi?" Macho mekundu, pua imechubuka kwa kupenga. Alishaambiwa, kama wanavyoambiana watu Dodoma nzima, kwamba asali ya kwenu ina chavua za kwenu, ukiilamba mwili unazizoea, na mafua ya aleji yanakuaga.

Huyo ni wa nne wiki hii. Wa tano nitamtumia linki.

Wazo lenyewe si la kijinga, na hapo ndipo linaponikera. Tiba ya kuuzoesha mwili kile kinachouchokoza ipo kweli: sindano, au vidonge vya kuweka chini ya ulimi, dozi imepimwa, chavua ni ileile inayokusumbua, na unaenda nayo miaka kama 3. Sasa njoo kwenye asali. Maua yanayoita nyuki kwa rangi na harufu yana chavua nzito, inayonata, ya kubebwa na mdudu. Hiyo haipeperuki ikakufuata kitandani. Inayokufuata ni ya nyasi, ukoka na ndugu zake: kavu, nyepesi, inasafiri na upepo, na huku kwetu hujaa hewani mvua zinapoelekea ukingoni. Nyuki wa vichaka vya Itigi, jirani na Manyoni, ana shughuli zake na maua ya porini. Ukoka wa uani kwako haumhusu sana. Sibishi, nyuki huchota hata chavua ya mahindi, nimewaona shambani kwa macho yangu. Lakini kijiko chako kimebeba kiasi gani? Hata mrina asali hajui.

Na watu wamelipima jambo hili. Mwaka 2002 huko Connecticut, Marekani, walichukuliwa watu 36. Waliolamba asali ya palepale hawakupata nafuu kuwazidi waliolambishwa sharubati ya mahindi iliyotiwa ladha ya asali. Ningependa kuishia hapo, ila 2013 Malaysia walitoa utafiti wa wagonjwa 40: asali gramu 1 kwa kila kilo ya mwili, kila siku, pamoja na loratadini, kidonge cha aleji, na hao walipata nafuu kuliko wenzao wa loratadini na sharubati. Nimeusoma mara mbili nikitafuta pa kuubomoa. Ni mdogo, zaidi ya hapo sina hoja. Ila mtu wa kilo 70 hapo anakula gramu 70 kwa siku, vijiko vikubwa vitatu na ushee. Huko si kulamba tena, huko ni kufuturu. Mwenye kisukari asithubutu, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe kabisa, kwa sababu ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.

Mengine chapchap. Kujifukiza kunazibua pua kwa dakika chache, halafu sufuria linamwagika mapajani. Tangawizi na limao ni chai nzuri. Piritoni inasaidia, lakini wewe wa bodaboda uniachie, utasinzia barabarani. Kifua kikibana na kupiga filimbi, hospitali, si kwangu.

Cha asili ninachokiamini ni chumvi. Maji nusu lita yachemke kwelikweli, yapoe, tia chumvi kijiko cha chai kisichojaa. Vuta kwenye sirinji ya mili 20, bila sindano tafadhali (nimeulizwa!), inama juu ya karai, achama, sukuma taratibu tundu moja, yatokee la pili. Anayepandisha maji puani akitawadha ameshaizoea nusu ya kazi. Na usiniambie maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi tayari. Yana ladha, hayajachemshwa.

Kinachoninyima raha ni Agosti. Nyasi zimekauka, upepo unafagia vumbi la viwanja vinavyojengwa kila kona, na foleni dukani ni ndefu kuliko ya Aprili. Ni aleji ile? Pua ikiwasha na chafya zikiongozana saba, nasema aleji. Ikiziba tu bila kuwasha, nadhani ni vumbi linakwaruza, na setirizini, kidonge kingine cha aleji, ninayouza hapo haifanyi la maana. Nadhani. Bila kipimo cha ngozi nakisia kama wewe, tofauti ni koti jeupe.

Yule mama nilimpa sirinji. Jana amepita, pua imetulia, chupa ya konyagi tupu mkononi. Anaosha asubuhi na jioni, hakosi. "Dokta," akasema, "asali ya Manyoni kiboko!"