Kabla Hujachora Nyusi: Maswali ya Kuuliza Ngozi Ikiwa Bado Nzima

Nyusi zikipungua na ukafikiria kuzichora kwa wino unaochanjwa ndani ya ngozi, swali la kwanza si zijazwe rangi gani, bali kwa nini zimepungua. Tezi ya thairoidi ikilegea kazi, mara nyingi nywele za ncha ya nje ya nyusi ndizo hutangulia kutoka. Ukoma nao huweza kumaliza nyusi, na yapo magonjwa ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mashina ya nywele. Mengine huacha kovu, na nywele zilizopotea hazirudi hata ukitibiwa baadaye. Sisi tunaotibu ngozi huzitazama nyusi kama dalili, na dalili ikishafunikwa kwa wino inakuwa vigumu kuiona. Wengi wenye nyusi haba si wagonjwa: walizing'oa kwa kibano miaka nenda rudi, au wamezaliwa nazo hivyo. Lakini kama zako zilikuwa nzito na zimeanza kupukutika bila sababu, au ngozi ya hapo ina mabaka, magamba au ganzi, muone daktari kwanza. Mchoraji atakungoja.

Ukishajiridhisha, elewa kitakachofanyika. Kwa maikrobledi, fundi hutumia kijiwembe cha sindano nyembamba zilizopangwa mstari, akachanja vistari vinavyofanana na unywele na kupitisha rangi humo, mithili ya chale. Kwa njia ya mashine, sindano hudonoa vitone vingi hadi nyusi ionekane kama imepakwa wanja. Zote mbili zinaijeruhi ngozi kwa makusudi na kuacha kitu kigeni ndani. Rangi inatakiwa ikae sehemu ya juu ya tabaka la pili la ngozi. Ikiishia tabaka la kwanza, itabanduka nalo ndani ya mwezi hivi, maana tabaka hilo hujibadilisha daima. Ikizama mno, vistari husambaa, rangi hugeuka kijivu au buluu, na kovu linaweza kubaki. Kati ya kosa hili na lile hakuna hata milimita moja, na kinachoamua ni mkono wa mtu. Kwa hiyo usiridhike na picha zilizopigwa mteja akiwa bado kitini. Omba kuona nyusi zilizokwisha pona, za mwaka mmoja nyuma, kwa watu wenye ngozi kama yako. Ngozi ya mafuta haishiki vistari vizuri. Huungana na kufanya ukungu, na mwenye ngozi hiyo humfaa zaidi njia ya vitone.

Utaambiwa itafutika yenyewe baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Hufifia, ni kweli, lakini mara nyingi haiishi. Seli za kinga humeza chembe za rangi na kukaa nazo. Rangi nyingi za nyusi huchanganywa kutokana na oksidi za chuma, kaboni na titani dioksidi, na hizi hazififii kwa kasi moja. Ndiyo maana nyusi ya kahawia huweza kuishia kuwa nyekundu, na ile yenye kaboni nyingi kuwa na ubuluu. Mtu akikimbilia leza aifute, anaweza kukuta rangi imekuwa nyeusi zaidi papo hapo, kwa sababu mwanga huo hubadilisha kemia ya chuma na titani. Kwa ngozi nyeusi kuna hatari ya ziada: leza ikitumiwa vibaya huondoa na rangi ya asili, au huacha doa. Kama ni lazima ifutwe, ijaribiwe kwanza sehemu ndogo, na kwa daktari wa ngozi. Asidi za kujifutia nyumbani zinaharibu nyuso za watu, nawasihi msiziguse.

Wino wenyewe unahitaji tahadhari. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha rangi yoyote ya kuingizwa ndani ya ngozi kwa ajili ya urembo. Mwaka 2024 watafiti wake walichapisha matokeo ya kupima sampuli 75 za wino wa tatuu na vipodozi vya kudumu, chupa zikiwa hazijafunguliwa, na 26 zilikutwa na bakteria. Kwa hiyo chupa iliyofungwa peke yake haitoshi. Soma jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha uzipige picha. Ukipata madhara, daktari atazihitaji.

Halafu kaa uangalie mikono ya fundi. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, na ikishatumika itupwe kwenye chombo cha vitu vyenye ncha kali. Rangi imiminwe kwenye kikombe kidogo cha kutumika mara moja, na inayobaki isirudishwe chupani wala kuzimuliwa kwa maji ya bomba. Akishika simu kwa glovu zilizogusa ngozi yako, azibadilishe. Kifaa kinachorudiwa lazima kipite kwenye mashine ya mvuke wa shinikizo. Kukifuta kwa spiriti, kukichovya maji moto au kukiweka ndani ya kisanduku cha taa ya zambarau hakutoshi. Homa ya ini B na C, na hata virusi vya UKIMWI, husafiri kwa damu usiyoiona. Muulize kama yeye mwenyewe amechanjwa homa ya ini B. Akichukia swali hilo, ondoka.

Krimu ya ganzi nayo ni dawa. Lidokeini, dawa ya ganzi iliyomo, ikipakwa nyingi, ikiwa kali mno au ikifunikwa muda mrefu, huingia kwenye damu na kusumbua moyo na ubongo. Machi 2024 FDA ilionya dhidi ya bidhaa za kupaka zinazouzwa bila cheti cha daktari zikiwa na lidokeini zaidi ya asilimia 4. Ukianza kusikia mlio masikioni, midomo kufa ganzi au moyo kwenda mbio, sema mara moja krimu ifutwe na upelekwe hospitali.

Kuna watu ninaowashauri wasubiri: wajawazito, wenye kisukari kisichodhibitiwa, walio kwenye tibakemikali ya saratani, na waliotumia vidonge vya isotretinoini vya chunusi katika miezi sita iliyopita. Krimu za retinoli, na zile zenye steroidi zinazotumika kuchubua ngozi, ziachwe wiki kadhaa kabla, kwa ushauri wa daktari. Mwenye historia ya keloidi (kovu linaloota na kuvimba), soriasisi (ugonjwa wa mabaka yenye magamba) au vitiligo (mabaka meupe) ajue kwamba jeraha lenyewe linaweza kuamsha ugonjwa pale pale palipochanjwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa sababu ya urembo. Na wino usipite juu ya kidoa cha kuzaliwa nacho, maana utaficha kikianza kubadilika.

Baada ya kuchorwa, rangi huonekana kali mno siku chache, kisha hubanduka kwa magamba, kisha hufifia kama haikuwepo, halafu hurudi kwa upole. Hukumu iwe baada ya wiki sita hadi nane, wakati wa kurudi kwa fundi kuongezea rangi. Kabla ya hapo usibandue gamba kwa kucha, na jua kali liepuke. Ukitaka kuchangia damu, waambie wahudumu kwamba umechora nyusi. Benki za damu huweka muda wa kusubiri. Ukiandikiwa kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, taja nyusi zako, kwani chuma kilichomo kwenye rangi huweza, mara chache, kuleta joto au uvimbe. Usikikimbie kipimo kwa sababu hiyo.

Usaha, homa au wekundu unaosambaa ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Mzio na vivimbe vigumu huweza kuchelewa miezi, hata miaka, na jaribio dogo la wino kabla ya kuchorwa haliondoi uwezekano huo. Vivimbe vinavyotokana na bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaoishi majini havisikii antibiotiki za kawaida, hivyo mwambie daktari kwamba ulichora nyusi, hata kama ni zamani, achukue kipande cha ngozi kwa uchunguzi.