Binti akiponyokwa na mkojo: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Msichana wa netiboli anaruka kudaka mpira. Akitua, chupi imelowa. Mechi ijayo anajifunga sweta kiunoni. Baadaye anaacha mchezo kabisa, akisema goti linamuuma.

"Kaanza wanaume mapema huyo." Uongo, tena wa kikatili. Akikohoa, akicheka au akiruka, tumbo husukuma kibofu. Misuli inayobana mrija wa mkojo ikizidiwa, mkojo huponyoka. Huwapata hata mabinti wasiowahi kuzaa wala kukutana na mwanamume, hasa wanamichezo wa kurukaruka.

"Hiyo ni fistula." Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, aghalabu la uzazi uliokwama, na mkojo huvuja mchana na usiku, si wakati wa kuruka tu. Ila binti aliyedondokwa na matone tangu utotoni, ingawa chooni anakojoa kama wenzake, apelekwe kwa daktari. Huenda mrija mmoja wa kutoka kwenye figo umeishia pasipo pake tangu kuumbwa, na hapo upasuaji ndiyo tiba.

"Dawa yake kisu." Hapa naomba tusiwe na haraka. Kwanza mazoezi: bana kama unayezuia mkojo na upepo, kisha achia kabisa, angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Usizuie pumzi, wala usijizoeze ukiwa unakojoa. Mtaalamu wa fiziotherapia akikuelekeza ni bora zaidi, kwa maana wengi hukaza matako wakidhani wamebana. Wengi hupata nafuu bila kuguswa na wembe.

Yakishindikana, upasuaji upo. Daktari huweza kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi, au kuushikilia mrija wa mkojo kwa mkanda wa utando uliochukuliwa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Upo pia mkanda wa plastiki, ulioenea tangu miaka ya 1990. Uingereza iliusitisha mwaka 2018, baada ya wanawake kulalamikia maumivu makali na plastiki kuchomoza ukeni. Kwa anayetarajia kuzaa, madaktari wengi hushauri asubiri, kwani mimba huweza kulirudisha tatizo.

"Punguza maji." Mkojo uliokolea hukichokoza kibofu. Kunywa kama kawaida.

Ukiletewa fomu ya upasuaji, usisaini kabla hujauliza: mnaniwekea nini, na kikinisumbua, nani atakitoa?