"Siku kama ya leo": maana yake, na jinsi Kilwa na Lupaso zilivyokutana tarehe 24 Julai

Kila asubuhi kuna redio inayosoma, kuna kundi la WhatsApp linalorusha, na kuna mzee kijiweni anayerudia: "Siku kama ya leo, mwaka fulani..." Kazi yenyewe ni rahisi. Unachukua tarehe na mwezi, mwaka unauweka pembeni, kisha unakusanya chini ya tarehe hiyo matukio makubwa, watu mashuhuri waliozaliwa na waliofariki. Mambo yaliyopishana karne tano yanajikuta yamekaa mkeka mmoja. Hiyo ndiyo kumbukizi ya tarehe.

Nitaieleza kwa 24 Julai, kwa sababu ni tarehe inayotugusa sisi watu wa kusini mara mbili.

Tarehe 24 Julai 1505 askari wa Kireno chini ya Francisco de Almeida waliteremka Kilwa Kisiwani na kuupora mji. Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 24 Julai 2020 alifariki Benjamin William Mkapa, Rais wa awamu ya tatu, mzaliwa wa Lupaso kule Masasi. Katikati ya hayo mawili dunia nayo ina yake: 1783 alizaliwa Simón Bolívar, mkombozi wa Amerika ya Kusini, 1969 wanaanga wa Apollo 11 walirudi kutoka mwezini wakatua baharini, 2012 alifariki John Atta Mills, Rais wa Ghana, akiwa bado madarakani. Kwa hiyo marais wawili wa Afrika wamo katika siku moja, na Lindi na Mtwara zimo.

Mtu akisikia hivyo huanza kutafuta siri. Mimi nadhani siri haipo, ila kuna mambo ya kujua kuhusu tarehe zenyewe, na la Kilwa ndilo lenye mengi.

Tunaijuaje tarehe ya Kilwa? Tunaijua kwa sababu waliovamia waliandika. Mjerumani mmoja aliyesafiri na msafara ule, Hans Mayr, ameacha maelezo: merikebu zilifika tarehe 22 Julai, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 24, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mashua zikaelekea ufukweni. Mtu huyo alikuwa na jicho. Ameandika nyumba za mawe, ameandika machungwa na ndimu, hata vitunguu vidogo vya Kilwa hakuviacha. Amiri Ibrahim, aliyekuwa akitawala, alikimbia, na Wareno wakamtawaza mtu wao, Muhammad Ankoni. Kisha wakajenga ngome na kuiita Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo, kwa ajili ya ile sikukuu ya tarehe 25. Wakaiacha mwaka 1512. Leo ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, jengo la kwanza linalokukabili pale ufukweni ni ngome iitwayo Gereza. Sehemu kubwa ya kuta unazoziona ni za enzi ya Waomani, lakini chini yake kuna mabaki ya ngome ile ya Wareno.

Sasa angalia kalenda. Mwaka 1505 Wareno walitumia kalenda ya Juliasi, ambayo ilikuwa imeteleza siku kumi nyuma ya jua. Papa Gregori XIII aliirekebisha mwaka 1582: watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Kalenda hiyo iliyorekebishwa ndiyo tunayoitumia shuleni, benki na hospitali. Ukiigeuza ile Alhamisi ya Kilwa kwa hesabu ya sasa, inaangukia tarehe 3 Agosti. Wanahistoria kwa kawaida huiacha tarehe kama ilivyoandikwa wakati ule, na orodha za redioni hufuata mkumbo, lakini kwa hesabu ya jua, Kilwa haikuporwa katika siku inayolingana na 24 Julai yetu.

Na wenyeji wa Kilwa wao hawakuwa na habari na Juliasi wala Gregori. Kwao ulikuwa mwaka 911 wa Hijria, mwezi wa Safar, ambao watu wa pwani tunauita mfungo tano. Mwezi huo haukai mahali pamoja. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo mfungo tano huzunguka masika, kipupwe na kiangazi, na kurudi ulipoanzia baada ya miaka kama 33. Mzee wa Kilwa ambaye angetaka kuikumbuka siku ile kwa hesabu ya babu zake angeifanya kila mwaka, na isingeangukia 24 Julai ila mara chache. Tazama kalenda yoyote ya ukutani iliyotolewa na msikiti au duka: namba kubwa za Kizungu, na pembeni yake namba ndogo za Kiarabu. Kila mraba pale una tarehe mbili.

Kwa Mkapa tatizo ni la saa. Ukisema usiku wa kuamkia Ijumaa, mtu wa pwani amekuelewa: siku huanza jua likizama, kwa hiyo Alhamisi ikishapita magharibi ni Ijumaa tayari. Saa ya ukutani haikubali hivyo. Yenyewe inangoja saa sita usiku. Ndiyo maana utakuta mahali pengine wameandika 23 Julai na pengine 24. Sioni haja ya kugombana. Tarehe isiyopingwa ni ya maziko, 29 Julai 2020, pale pale Lupaso, na ya kuzaliwa, 12 Novemba 1938.

Saa hiyohiyo huwachanganya watu kwa jambo la mwezini. Orodha nyingi husema binadamu alifika mwezini tarehe 20 Julai 1969. Chombo kilitua kweli tarehe 20, na huku kwetu ilikuwa saa tano na robo usiku. Lakini Neil Armstrong alipokanyaga chini, Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 20, na Mikindani ilikuwa karibu saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 21. Mvuvi wa Mikindani aliyekuwa anaingiza ngalawa majini saa hiyo, kwake tukio ni la tarehe 21. Orodha ya kumbukizi huwa na saa ya mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo si hapa.

Turudi kwenye sadfa. Siku za mwaka ni 365, na 366 mwaka mrefu. Watu mashuhuri na matukio makubwa ni maelfu kwa maelfu. Lazima zirundikane. Chukua watu 23 tu: uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja unavuka nusu. Wengi hukataa kusikia hilo, kwa sababu kila mtu anajifikiria yeye. Lakini watu 23 wakipangwa wawili wawili, unapata jozi 253, na yoyote kati ya jozi hizo inatosha. Mwalimu wa Masasi mwenye watoto 60 darasani ana hakika ya zaidi ya asilimia 99 kwamba wawili watakuwa na tarehe moja. Ukitaka mtu wa kushirikiana na tarehe yako wewe hasa, hapo hesabu ni nyingine: unahitaji watu 253 hivi ndipo upate nusu kwa nusu.

Kwa hiyo Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani, kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na Barack Obama kuzaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, hakuna maana yoyote. Ningeshangaa kama tarehe hiyo ingekosa watu.

Ila huyo Kinjikitile ananileta kwenye kasoro kubwa ya orodha hizi. Tarehe ya kunyongwa kwake ipo kwa kuwa serikali ya Kijerumani iliweka kumbukumbu. Tarehe yake ya kuzaliwa haimo katika orodha yoyote. Vita ya Majimaji ilianzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba mwezi Julai 1905, lakini waliong'oa hawana siku zao za kuzaliwa katika kitabu chochote. Watu wa kusini walihesabu kwa matukio. "Babu, ulizaliwa lini?" "Mwaka wa karanga, mjukuu wangu," yaani enzi ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, miaka ya mwisho ya 1940. Mwingine atasema mwaka wa kimbunga cha Lindi, 1952. Karani wa kuandikisha anataka tarehe, basi anajaza 1 Januari au 1 Julai na kusonga mbele. Ukiona wazee wengi mno wamezaliwa 1 Julai, hiyo si sadfa wala nyota, ni kalamu ya karani.

Mwisho kuna tarehe zinazokutana kwa sababu mtu alizikutanisha. Afro-Shirazi, chama cha Zanzibar, ilizaliwa 5 Februari 1957, na CCM ikazaliwa 5 Februari 1977. Waliounganisha Afro-Shirazi na TANU ya bara kuwa CCM waliipanga. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri 9 Desemba 1962, nayo ilipangwa. Hizi ndizo kumbukizi ninazozipenda, kwa sababu ukiuliza "kwa nini siku hii?" unapata jibu.

Ng'ambo ya Ruvuma wanao mfano ulio wazi kuliko yote. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita yao ilianza 25 Septemba 1964 kule Cabo Delgado, mkoa unaopakana na Mtwara. Mkataba wa Lusaka ulipotiwa saini Septemba 1974, ulitaja kabisa kwamba uhuru wa Msumbiji utatangazwa 25 Juni 1975, siku ya kuundwa kwa FRELIMO. Na wapiganaji waliofanya tarehe hiyo iwezekane, wengi wao walifundishwa kambini Nachingwea, chini ya Samora Machel. Redio ikisoma 25 Juni huwa inataja Maputo na Dar es Salaam. Nachingwea ingefaa itajwe pia.